Luthuli Avenue: chuma cha solda kimeandikwa wati 60, nimekipima kina 29. Gitaa la kanisa limeharibika

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitangoja zipoe.

Jumamosi nilitoka Umoja kuingia mjini Nairobi kutafuta chuma cha solda, kile cha moto cha kuungia waya. Gitaa letu la kanisa lilikuwa limeanza kunguruma, na ukishika nyuzi mngurumo unabadilika. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikaona waya wa ardhi umeng'oka kwenye mgongo wa poti ya sauti, yaani kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti. Mwenye chuma kizuri hiyo ni kazi ya dakika tano. Changu cha zamani kilikuwa kimeungua, kwa hivyo nikashuka Luthuli.

Muuzaji nilimweleza waziwazi. Nikamwambia, kaka, sitaki cha kutengenezea saketi ya simu, nataka wati 60, nakwenda kuunga waya kwenye mgongo wa poti ya gitaa. Akanipa kimoja, kwenye mpini pameandikwa 60W, 220-240V. Nikaomba akichomeke kwenye stima nione kinavyoyeyusha. Akakataa, akanionyesha karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikalipa shilingi 850 nikaondoka. Duka silitaji, kwa sababu niliulizia maduka manne siku hiyo na yote manne yalikataa kujaribu.

Kwa wasiojua, shida iko hivi. Mgongo wa poti ni bati nene, na bati hilo linanyonya moto. Ukiweka chuma dhaifu, moto wote unasambaa kwenye bati na pale unapogusa hapafiki joto la kuyeyusha solda vizuri. Solda ya 60/40 (mchanganyiko wa stani na risasi) inayeyuka kati ya nyuzi joto 183 na 190, lakini ncha inatakiwa iwe kama 350 hadi 400 na iwe na nguvu ya kurudisha joto haraka baada ya kugusa chuma baridi. Chuma cha wati 25 au 30 kinafaa kwa miguu ya swichi na jeki (tundu la kuchomekea waya wa gitaa). Mgongoni mwa poti utakaa nacho mpaka uchoke.

Na mimi nilikaa. Sekunde kumi, ishirini, dakika nzima. Solda ikajikunja kama tone la maji juu ya jani la nduma, haishiki. Nikaongeza muda nikidhani kosa ni langu. Ilipokuja kushika, ilikuwa imefifia rangi kama jivu, nikavuta waya kidogo ukatoka mzima. Na kule ndani ya poti moto ulikuwa umeshafanya kazi yake: sasa ukizungusha inakwaruza, na ikifika katikati sauti inapotea kabisa. Jumapili kwaya iliimba kwa kinanda peke yake. Vijana wawili waliokuwa wamefanya mazoezi ya gitaa wiki tatu walikaa kwenye benchi.

Jumapili jioni nikachukua mita ya kupimia umeme nikapima plagi ya kile chuma, miguu miwili ya stima, kikiwa baridi. Hesabu yenyewe ni ya shule: volti 240 mara 240 ni 57,600. Gawanya kwa wati 60 unapata omu 960. Mita yangu ikasoma 1,950. Gawanya 57,600 kwa 1,950 upate mwenyewe: wati 29 na nusu. Nusu ya kilichoandikwa! Nikapima tena mara tatu, namba ni ileile. (Hesabu hii ni ya vyuma vya bei ya chini vyenye waya wa joto uliozungushwa ndani. Vile vya kauri husoma chini vikiwa baridi, na vile vya stesheni, yaani vinavyochomekwa kwenye boksi la kurekebisha joto, huwezi kuvipima kwenye plagi.)

Halafu nikafungua plagi. Ina miguu mitatu kama plagi zetu zote, lakini ndani mna waya mbili tu. Ule mguu mrefu wa ardhi haujaunganishwa na kitu chochote. Yaani ncha ya chuma, ambayo mtoto anaweza kuigusa, haina ardhi, na ukiiona plagi ya miguu mitatu unaweza kuamini inayo. Hapo ndipo hasira ilinipanda kuliko hata ile ya poti. Wati za uongo zimeniharibia gitaa. Ardhi ya uongo inaweza kuua mtu.

Solda nayo niliuziwa kwa mita, imekatwa kutoka kwenye roli lisilo na karatasi. Haikutoa moshi hata kidogo, maana yake ndani haina ile dawa ya utomvu inayosafisha chuma. Nilipopiga simu kulalamika, jibu lilikuwa nipige ncha msasa, halafu nitumie dawa ya kopo wanayoungia mabati. Ushauri wote wawili ni wa kuharibu! Ncha nyingi za siku hizi zimepakwa tabaka jembamba la chuma juu ya shaba. Ukilikwangua, solda inaila shaba na ncha imekwisha. Na ile dawa ya mabati ina asidi. Ukiiweka ndani ya gitaa, waya wa shaba utaota kijani na kukatika.

Sasa niwaambie nilichotakiwa kununua, ili mwingine asiliwe kama mimi. Kama pesa ipo, tafuta stesheni ya kurekebisha joto, wati 60 za kweli, ya mtindo wa Hakko 936 ambayo ncha zake za 900M hupatikana kwa urahisi. Kama haipo, chuma cha kawaida cha wati 40 hadi 60 za kweli kinatosha kabisa. Lakini ncha! Usikubali ile nyembamba kama sindano. Chukua ya bapa kama patasi, upana wa milimita 3 hadi 5, kwa sababu kinachopitisha moto ni eneo linalogusa. Vyuma vingi mjini vinakuja na sindano na muuzaji hana nyingine.

Ukifika nyumbani kwangua mgongo wa poti kwa msasa mpaka bati ling'ae, tandaza solda kwanza peke yake, paka na waya solda, kisha viunganishe kwa sekunde tatu nne na usitikise mpaka ipoe. Ikipita sekunde kumi haijashika, ondoa chuma. Usifanye nilivyofanya.

Poti mpya nayo imenitesa. Pikapu zetu, yaani sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, ni za koili mbili, zinataka poti ya 500k (omu laki tano). Nimepewa B500K, na nilipouliza A500K nikaambiwa ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. B inapanda sawasawa na A inafuata sikio. Ukiweka B kwenye sauti ya gitaa, kwa wengi wetu kitufe kinakuwa kama swichi, kinafanya kazi pembeni tu. Luthuli na River Road vinapakana, na River Road ndiko santuri za benga, muziki wetu wa gitaa, zilikuwa zikirekodiwa na kuuzwa miaka ya 1970. Mtaa uliolishwa na gitaa leo unashindwa kumuuzia mpiga gitaa poti anayoitaka. Inaniuma.

Na hiyo karatasi ya ukutani haifuti sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Kuandika 60 juu ya 30 ni kumnyima mtu habari. Mguu wa ardhi usio na waya ni kumnyima usalama. Tuna pia Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012.

Jumatatu narudi dukani na mita yangu, kile chuma, na plagi ikiwa wazi. Nitapima mbele ya muuzaji na mbele ya wateja watakaokuwepo, na nitadai shilingi 850 zangu na bei ya poti. Nikikataliwa, malalamiko yanaandikwa siku hiyohiyo.

Ninachoomba kwenu ni viwili. Aliye na chuma cha solda alichonunua mjini mwaka huu apime plagi kwa mita, aandike hapa: kimeandikwa wati ngapi, mita imesoma omu ngapi, na ndani ya plagi kuna waya mbili au tatu. Na anayejua duka lolote, Luthuli, Kirinyaga Road au hata nje ya mji, ambako wanakuruhusu kuchomeka na kuyeyusha solda kabla ya kulipa, na wana A500K, aseme. Kwaya inaingia tena Jumapili.