Naomba ushauri: programu ya kufuatilia mazoea kwa mwenye ADHD

Habari zenu wakuu. Nina ADHD (hali inayofanya iwe vigumu kutulia na kuzingatia jambo), na programu nyingi za kufuatilia mazoea zinanishinda kwa jambo moja: ukiruka siku, hesabu inarudi sifuri. Hapo hamu yote inakata, na kikumbusho kikiita nakifuta bila hata kukisoma.

Nimeona Loop ya Android ni ya bure, haihitaji bando, na ukikosa siku moja alama zinashuka kidogo tu. Finch nayo ina kifaranga unayemlea kwa kutimiza vitu vidogo kama kunywa maji (mke wangu ananicheka, lakini kananivutia).

Mliozitumia mkiwa na hali kama yangu, ipi iliendelea kuwafaa upya wake ulipoisha? Na kwa dawa ya asubuhi, si bora kengele ya kawaida tu?