CEA ya mzee imetoka 2.6 mpaka 4.4 baada ya oparesheni ya utumbo, tuhofu?

BintiMachame
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mzee wangu alifanyiwa oparesheni ya kansa ya utumbo mpana mwaka jana Moshi, wakakata kipande wakaunganisha, mfuko wa choo hakuwekewa, akapiga kemo, zile dawa za kansa, akamaliza, sasa hivi anakula vizuri na anashinda kwenye migomba yake kama zamani. Daktari alisema atakuwa anapima damu kila baada ya miezi mitatu, kipimo kinaitwa CEA, ili kama ugonjwa unarudi wauwahi. Mara ya mwisho ilikuwa 2.6. Safari hii alikuwa kwangu hapa Arusha, nipo Sakina, nikaona ya nini kumrudisha Moshi kwa damu tu nikampeleka maabara moja hapa mjini, imetoka 4.4. Karatasi inasema mwisho 5 na aliyenipa majibu akasema mzee yuko freshi, ila moyo wangu hautulii kabisa maana imekaribia mara mbili.

La pili, amepangiwa kamera ya njia ya nyuma, wanasema ni ya kutimiza mwaka. Kaka zangu wanasema kama damu inaonyesha basi kamera ya nini, hela zenyewe hizi za kuunga unga, na mzee ndo hataki hata kuisikia anasema ni aibu. Damu peke yake haitoshi jamani?

Mkuu_wa_Kijenge
Pole dada. Chini ya 5 ni kawaida, msimtishe mzee bure. Mpe maji ya mlonge asubuhi na jioni atakaa sawa.

MtuWaMaabara
Mlonge ni mboga nzuri mkuu ila kansa haiondoi, tusimpoteze dada wa watu.

BintiMachame, mimi kazi yangu ni hiyo ya sampuli. Kwanza kabisa hizo namba mbili usizilinganishe, 2.6 ni ya Moshi na 4.4 ni ya Arusha, mashine tofauti na kemikali tofauti, damu ileile ukiigawa mara mbili ukapeleka sehemu mbili inaweza kutoa namba mbili na wote wakawa wamepima vizuri tu. Ndo maana tunasema mtu achague maabara moja akae hapohapo. Mrudishe alikozoea arudie baada ya wiki chache, na hiki kipimo hakidai kukaa na njaa kwa hiyo anywe chai yake ndo aje.

Halafu mzee anavuta sigara? Mvutaji CEA yake huwa juu kidogo hata kama hana kansa popote. Ini likiwa na shida inapanda, kongosho, mapafu yenye bronkaitisi, vidonda vya utumbo, vyote hivyo. Hata kemo yenyewe inaweza kuipandisha kwa muda, ndo maana majibu yaliyochukuliwa katikati ya dozi au muda mfupi baada ya dozi ya mwisho yanasomwa kwa tahadhari.

Ila na hiyo 5 nayo siyo ukuta. Daktari anaangalia mwendo. Mtu anaweza kukaa 4.5 miaka yote na hana kitu, na mwingine akatoka 1.8 akaja 3, akaja 4.7, huyo hata hajavuka mstari lakini lazima atafutwe kwa siti skani, ile picha ya ndani ya mwili. Na ukichukulia 5 kama mpaka, katika kila watu 10 ambao ugonjwa umewarudia kama 3 hivi kipimo hakiwaoni.

MamaWawili_Rau
Mimi ndo mmoja wa hao 3. Nilikatwa nikiwa hatua ya tatu, na kabla ya kukatwa CEA yangu ilikuwa 1.9, uvimbe upo tumboni na damu inasema hakuna neno. Daktari akanieleza CEA ni protini, na kuna uvimbe hautoi hiyo protini kabisa au unatoa kidogo mno, kwa hiyo mimi hata nikipima kila wiki sipati cha maana, nafuatiliwa kwa siti skani na kamera. Dada tafuta faili la mzee uone kabla ya oparesheni alikuwa na ngapi, hilo ndo swali la kwanza. Kama ilikuwa juu ikashuka baada ya kukatwa basi hiyo damu inamfaa sana.

Kuhusu kamera kaka zako wanachanganya vitu viwili. Damu inasaidia zaidi kushtua ugonjwa uliokimbilia mbali, hasa ini. Kamera inaangalia pale walipounganisha na vile vinyama vipya vinavyoota ndani, wakivikuta wanaving'oa palepale kabla havijawa kansa. Aliyewahi kuugua utumbo anaweza kuota vingine, ndo maana wanapanga ya mwaka mmoja, ikiwa safi ya pili inakuja baada ya miaka mitatu hivi.

Na aibu, nakwambia ukweli, kamera yenyewe si lolote unachomwa sindano unasinzia. Kazi iko kwenye ile dawa ya kusafisha tumbo, hapo usiku kucha ni wewe na choo. Kaka mkubwa ndo aende naye, wewe baki nyumbani, mzee wa Kimachame mbele ya binti yake hatakubali hata umbembeleze vipi.

Njiro_Mmoja
Kuna binamu yangu yuko Marekani anapima DNA ya kansa kwenye damu, anasema CEA imepitwa na wakati. Huku ipo?

MtuWaMaabara
Haijapitwa mkuu, ni vitu viwili. Hiyo ya DNA wanatafuta vipande vya DNA vilivyotoka kwenye uvimbe, kwenye vipimo vingine wanausoma kwanza uvimbe uliokatwa ndo wanatengeneza kipimo cha mtu huyohuyo, kwa hiyo bei ni nyingine kabisa. Australia waliwafuata watu 455 wa hatua ya pili wakatoa ripoti mwaka 2022, waliotumia hiyo damu kuamua nani apewe kemo waliopewa wakawa asilimia 15 badala ya 28, na baada ya miaka miwili hali zao hazikuwa mbaya kuliko wenzao. Hapo ilisaidia kuamua kemo. Kwa mtu aliyeshamaliza tiba kama mzee huyu madaktari bado wanabishana kama inaongeza maisha. CEA ni ya tangu 1965 lakini ndo inayofikika, na ugonjwa ukiwahiwa ukiwa sehemu ndogo ya ini au pafu bado kuna wanaokatwa wakapona, faida yake ipo hapo.

BintiMachame
Asanteni sana jamani. Nimempigia kaka amefungua faili, kabla ya oparesheni ilikuwa 21, baada ya hapo 2.2, halafu ndo hiyo 2.6. Sigara mzee anasema aliacha, ila shangazi anasema anaivutia kwenye kahawa huko shambani anadhani hatumwoni 😂. Tunarudia damu Moshi na kaka amekubali kwenda naye kwenye kamera.

MamaWawili_Rau
Safi sana, 21 ikashuka mpaka 2.2 maana yake kwake damu inaongea. Kama mzee ana vidonge vya sukari au vya kuyeyusha damu mwambieni nesi mapema kabla ya siku ya kamera, kuna vingine wanavisimamisha kwanza. Na hiyo karatasi ya 4.4 msiitupe, nendeni nayo kliniki.