AMEKATA MKUYU, KATANDAZA NYASI ZA PLASTIKI, HALAFU KAZIMWAGILIA MAJI!!!

Wakuu, mikono inatetemeka, mnisamehe herufi zikigongana. Yule jamaa mnamjua. Simtaji. Kila mtaa unaye: ana msumeno wa kuazima asioujua njia ya kuurudisha.

Leo asubuhi kaangusha mkuyu wa pale kona. Mti ule ulikuwepo kabla ya lami, kabla ya nguzo za umeme, nadhani hata kabla ya jua. Viota vya kwera vilikuwa vinaning'inia kila tawi. Sasa vyote chini, makinda yanalia humo ndani, wazazi wao wanazunguka hewani pale tawi lilipokuwa. Namuuliza, "Kaka, hawa hukuwaona?" Ananijibu, "Nasafisha. Mti una majani mengi."

MTI UNA MAJANI MENGI.

Hilo ningelilia kimya kimya. Lakini jioni kaleta zulia la nyasi za plastiki, kafunika udongo wote mpaka kwenye kisiki, kachukua mpira wa maji na KAZIMWAGILIA. Plastiki! Huku ananitazama usoni!

Nilitaka kumwambia kwamba spishi nyingi za nyuki, karibu 70 katika kila 100, huzalia ardhini, na yeye kawafungia mlango. Nilitaka kumwambia habari za nyigu wadogo wanaopenya ndani ya tunda la mkuyu kuchavusha maua yaliyofichwa humo. Lakini mtu anamwagilia plastiki, unaanzia wapi?

Na alimwagilia taratibu jamani. Alipofika mwisho akarudi pembeni, palikuwa pamebaki pakavu.

Kisiki Hai: Nimecheka mpaka nimekohoa. Hakuweka mbolea?

Bibi Lifti: Mleta uzi, ulikuwa wapi msumeno unanguruma? Mti hauanguki kwa dakika moja. Ulikuwa umelala, sema ukweli.

Mleta uzi: Nilikuwa kazini! Halafu mnaniuliza mimi badala ya kumuuliza anayemwagilia PLASTIKI?

Mzee wa Hesabu: Kwa upande wake, maji yana kazi. Jua likiwa kali nyasi hizo huweza kupita nyuzi 60. Labda anapoza.

Mleta uzi: Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, mkuu. Jua gani?

Mpita Njia: Makinda vipi? Usiogope kuyashika, ndege hawamkatai mtoto eti kwa sababu ananuka binadamu. Funga viota kwenye tawi la karibu, ukae mbali.

Mleta uzi: Nimefunga viwili. Mzazi mmoja amerudi. Nimelia tena.

Fundi Mstaafu: Dume la kwera hujenga kiota, jike linakuja kukagua, likikataa dume linaanza upya. Kwangu mimi na wateja ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba napigwa na hasara ya saruji juu yake.

Bibi Lifti: Pole yako. Mimi popo wa mkuyu kama huo walinipaka gari rangi miaka mitano. Siwezi kujifanya nina huzuni.

Kisiki Hai: Bibi, hao popo ndio wanaosambaza mbegu. Huo mkuyu wenyewe huenda ulipandwa na kinyesi.

Bibi Lifti: Basi wasambaze kwenye gari lako.

Usiku Mwema: Nyie mna mkuyu, mimi nina jirani mwenye taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha, imeelekezwa dirishani kwangu. Nondo wanaizunguka mpaka wanakufa, asubuhi nafagia. Anamlinda nani? Hana hata baiskeli.

Mzee wa Hesabu: Afadhali taa. Wangu ana paka saba. Mijusi kwisha, ndege kwisha, na kila siku naletewa mkia mlangoni kama risiti.

Mpita Njia: Paka wafungiwe ndani usiku.

Paka wa Nne: Samahani, "paka saba"? Huyo ni mimi unamsema? Ni SITA, mmoja ni mgeni.

Mzee wa Hesabu: Kumbe! Njoo inboksi tumalizane. Na mkia wa leo ninao hapa.

Mleta uzi: Jamani, nyasi za plastiki...

Usiku Mwema: Taa imewaka tena. Naandika hii nimevaa miwani ya jua.