Simu yenye pedi ya kuchezea gemu inatosha, au PlayStation bado haina mpinzani?

Mleta mada: Wadau, tangu 2023 iPhone 15 Pro inacheza Resident Evil Village, gemu la konsoli kabisa. Pedi ya PS4 unaiunganisha kwa Bluetooth: shikilia SHARE na kitufe cha PS kwa pamoja mpaka taa imulike harakaharaka, kisha chagua "Wireless Controller" kwenye simu. Sasa PS5 ya nini tena?

Mzee wa Feni: Mkuu, hizo ni dakika kumi za mwanzo. PS5 kwenye gemu zito inakula takriban wati 200 na ina feni kubwa ya kutoa joto lote hilo. Simu ikipata moto inapunguza kasi ya chipu yenyewe, fremu (picha zinazopita kila sekunde) zinashuka, skrini nayo inafifia. Kucheza huku unachaji ndiyo balaa, maana betri inaongeza joto lake. Vua kava, punguza ubora wa picha, weka kikomo cha fremu 30. Hapo itatulia, lakini ushajishusha mwenyewe.

Vitufe: Joto dogo hilo. Magemu yenyewe yanakubali pedi? Call of Duty: Mobile inakubali ukiwa ndani ya mechi, ila kwenye menyu unarudi kugusa skrini. PUBG Mobile haikubali. Wanaopitia programu za kugeuza vitufe kuwa miguso wanajitafutia kufungiwa akaunti.

Nyaya: Na usisahau pedi ile ya PS4 haikumbuki mashine mbili. Ukirudi kwenye konsoli, chomeka waya wa USB ubonyeze PS, vinginevyo itaendelea kuitafuta simu. Kuhusu runinga, simu nyingi za bei ya chini zina tundu la USB-C lakini halitoi picha. Soma vipimo kwanza. Kama haijaandikwa DisplayPort, yaani njia ya kutoa picha, adapta ya HDMI umeitupia hela bure. Unaweza kurusha picha kwa Wi-Fi, ila kitufe unabonyeza sasa, mpira unapigwa baadaye.

Vitufe: Halafu watu wawili wachezeje? Kibanda cha gemu kinaishi kwa pedi mbili na runinga moja. Magemu ya simu yanayokubali pedi mbili ni ya kutafuta kwa tochi.

Mleta mada: La watu wawili nakubali. La joto nabisha. Nintendo Switch ya 2017 imetoka na Tegra X1, chipu ya jamii ileile ya vishikwambi, na hakuna anayeinyima jina la konsoli.

Mzee wa Feni: Ifungue uone, mkuu: ina feni ndani. Ukiipachika kwenye kitako chake cha runinga inakula umeme wa ukutani na chipu inaongezwa kasi. Tena mtengeneza gemu anapimia mashine hiyo moja. Wa Android anapimia chipu chungu nzima, na hata kwenye simu yenye Helio G99, chipu ya bei ya kati, gemu lazima liwake.