Naomba ushauri: "antineoplastiki" ni kemo au ni kitu kingine?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, namuuguza mamangu aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti Mombasa. Tumerudi na tamoksifeni, miligramu 20, kidonge kimoja kila siku. Kwenye karatasi ya hospitali, mbele ya jina la dawa, pameandikwa kwa kalamu "antineoplastiki". Mpwa wangu akalitafuta neno kwenye simu, akamsomea bibi yake kwamba hiyo ni kemo, yaani zile dawa kali za saratani ambazo huweza kunyonyoa nywele. Tangu jana kidonge kiko kwenye kisahani kando ya buli, hakiguswi. Mama anashika nywele zake tu, asema hakuambiwa atanyonyoka.

Nilivyoelewa mimi, neno lina maana ya kupinga uvimbe mpya, na tamoksifeni huzuia homoni ya estrojeni isiichochee saratani. Daktari nimempigia mara mbili, hapokei. Duka la dawa waliniambia "ni ya kansa, mpe tu", jibu ambalo (wallahi) halikunisaidia kitu.

Je, kila dawa ya antineoplastiki ni kemo, au kemo ni aina moja tu ndani yake? Na aliyewahi kumweleza mzee wake, alitumia neno gani la Kiswahili lisilomtisha?