Naomba ushauri: makala yangu kuhusu Mary Prince niipeleke jarida gani?

Mwanafasihi_Dsm
Habari zenu wakuu. Nimemaliza uzamili wa fasihi. Sura moja ya tasnifu yangu inamhusu Mary Prince, aliyezaliwa utumwani Bermuda na baadaye akasimulia maisha yake London, simulizi ikachapishwa 1831. Msimamizi wangu ananihimiza niigeuze iwe makala, niitume kwenye jarida la wenzetu linaloshughulikia enzi ya ulimbwende, yaani Romanticism katika fasihi. Nimeangalia Studies in Romanticism la Boston, lipo tangu 1961, ila nahofia pale ni kwa washairi wa Kiingereza akina Wordsworth na Keats tu. Halafu kuna jarida jingine nisilolijua limeniandikia barua pepe: nikilipa, wananichapisha ndani ya wiki. Hela sina, na chapisho nalihitaji kabla ya kuomba nafasi ya uzamivu. Nifanyeje?

Bi_Maktaba
Mdogo wangu, hiyo barua pepe ifute leo. Makala ya kitaaluma husomwa kwanza na wataalamu wasiojua jina lako, na kazi hiyo huchukua miezi. Wa wiki moja wanataka pesa tu. Majarida mengi ya fasihi hayamtozi mwandishi chochote.

Angalia Romantic Textualities la Cardiff. Linahusu fasihi na utamaduni wa uchapishaji, 1780 hadi 1840, kwa hiyo Mary wako yumo, na kulisoma ni bure. Lipo pia Romanticism on the Net, la mtandaoni tangu lilipoanzishwa 1996.

Mzee_wa_Kalamu
Bi_Maktaba amesema kweli. Na hofu ya Wordsworth iondoe, kijana. Utumwa na makoloni yamekuwa mada kubwa kwenye majarida hayo miaka mingi sasa. Mimi nataka kujua makala yako inadai nini.

Mwanafasihi_Dsm
Shikamoo mzee. Nimechambua sauti ya Mary, mateso ya mwili, dini yake, na harakati za kukomesha utumwa.

Mzee_wa_Kalamu
Marahaba. Hizo ni makala nne, na mhariri atakurudishia zote kwa mpigo. Ningekuwa wewe ningemshika Thomas Pringle. Huyu alihamia Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, 1820, akaanzisha jarida huko, akagombana na gavana Lord Charles Somerset hadi likafa. Aliporudi London akawa katibu wa chama cha kupinga utumwa, na ndiye aliyehariri simulizi ya Mary. Aliyeandika kwa mkono wakati Mary akisimulia ni Susanna Strickland. Mwishoni Pringle akaongeza kiambatisho kirefu, anajibizana na John Wood aliyedai kummiliki Mary.

Sasa rudi kwenye mashamba ya chumvi ya Turks Island, kisiwa ambako Mary alifanyishwa kazi utumwani. Mary anasema walianza kazi saa kumi alfajiri, maji yanawafika magotini, na miguu ikajaa majipu yaliyokula nyama mpaka mfupani. Sentensi zile ni za Mary kiasi gani, na za wale wawili kiasi gani? Pringle alikwisha kuuona utumwa Afrika kwa macho yake. Ukionyesha alama za Afrika Kusini katika uhariri wake, hapo una makala, na kwa moyo wote ningependa iandikwe na mtu wa huku.

Dada_Kisumu
Naongezea ya kiutendaji. Usitume majarida mawili kwa wakati mmoja, ni mwiko. Futa jina lako hata kwenye tanbihi unapojirejelea. Kitabu kilitoka mara tatu mwaka ule wa 1831, kwa hiyo taja unatumia toleo gani. Internet Archive wana nakala za zamani bila malipo. Wakikurudishia na maoni makali ila wakasema rekebisha, shukuru na urekebishe, mlango bado uko wazi.

Mwanafasihi_Dsm
Asanteni sana. Naanza na kiambatisho cha Pringle, nikipata rasimu nitatuma Cardiff. Mzee, naweza kukutumia ikisiri uipitie?

Mzee_wa_Kalamu
Itume. Isizidi ukurasa mmoja.