Naomba ushauri: damu ya mke wangu haipandi, na nyama hataki hata kusikia harufu yake

Habari za jioni wakuu. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Kipimo cha mwisho damu ilikuwa 9.4, na kliniki wanataka isipungue 11. Vidonge vya madini ya chuma anameza, ila nyama na dagaa akisikia harufu tu anatapika. Tumebaki na matembele, kisamvu, maharage na choroko.

Nesi alinieleza kwamba chuma cha mimea hakifyonzwi kirahisi kama cha nyama, na chai ikinywewa pamoja na chakula inazidi kukizuia. Hapo ndipo penye kesi: huyu mama bila chai ya rangi hajala! Tumekubaliana anywe baada ya saa moja au mbili, na kwenye mboga tunakamulia limao, au anakula pera, maana vitamini C inasaidia chuma kuingia mwilini. Maharage tunaloweka usiku kucha.

Waliopitia hali hii, mlikuwa mnapika nini na nini? Na juisi ya choya ambayo kila jirani ananisifia, inaongeza damu kweli au ni rangi tu? Wa "mpikie maini" naomba mpite, nimeshajaribu, sufuria nzima nikala mwenyewe.